Kosa la Betri Nililotakiwa Kulikiri

Nakumbuka siku moja, asubuhi ya ukungu wa Kilungu, nikiwa jikoni nakoroga uji, nilisikia gari la shemeji yangu likikohoa mara moja kisha likanyamaza. Nilijua hapo hapo kwamba siku ile ingekuwa ndefu. Keti vizuri, mwanangu, nikusimulie, maana huko unakoenda kuishi na watu jambo hili litakukuta, hata kama si la gari.

Nilikuwa bibi harusi wa miezi michache. Kwetu ni Mutomo, upande wa Kitui, nchi ya jua na tambarare. Nikaolewa huku milimani, ambako hata kwenda kuteka maji ni kushuka na kupanda. Mume wangu, Mutiso, alikuwa akifanya kazi Mombasa, akaniacha kwa mama yake. Sisi sote tulimwita Mwaitu, ndiyo mama kwa Kikamba. Kwenye boma hilo aliishi pia Muthama, kaka mkubwa wa Mutiso, pamoja na mkewe, Mama Kyalo. Muthama alikuwa na pikapu kuukuu aliyobebea maparachichi kupeleka soko la Emali. Gari lile ndilo lililotulisha sote, na mimi nikiwemo.

Basi gari likashikwa na ugonjwa wa ajabu. Likishinda barabarani halina neno. Likilala nyumbani, asubuhi betri imekwisha kabisa, hata taa haziwaki. Muthama akanunua betri mpya. Haikupita wiki, nayo ikafa vilevile. Ikawa kila asubuhi tunaita majirani, tunalisukuma mteremkoni mpaka lishike, watu wakicheka na kutema mate mikononi.

Nami nilikuwa na simu ndogo, ya kuongea na mume wangu. Stima ilikuwa haijafika kwetu. Mchana mmoja Muthama alipokuwa akiosha gari, nilimwomba niichaji humo, akakubali. Mara moja tu. Lakini mwanangu, kitu kidogo cha mgeni huonekana kikubwa.

Asubuhi ile ninayoikumbuka, mvua ilikuwa imenyesha na mteremko ulikuwa matope matupu. Tulisukuma, gari likateleza likaingia mtaroni na mzigo wake. Mnunuzi alikuwa akingoja Emali. Muthama alisimama pale, suruali imejaa tope, akageuka akaninyooshea kidole mbele ya majirani.

"Kabla huyu hajaja hapa, gari lilikuwa linawaka. Kila usiku anaingia humo kuchaji simu. Pafukapo moshi pana moto!"

"Shemeji, nilichaji mara moja, na wewe ulikuwepo," nikasema.

"Hiyo ni ile tuliyoiona," akadakia Mama Kyalo.

Hakuna aliyenitetea. Majirani walitazama viatu vyao. Mwaitu hakuwepo, alikuwa ameshuka shambani. Mchana nikampigia Mutiso simu, nikamweleza yote nikilia. Akasema, "Waombe tu msamaha yaishe. Hata kama si wewe. Huyo ni kaka yangu mkubwa."

Hata kama si wewe! Maneno ya Muthama yalikuwa yamenichoma, lakini haya ya mume wangu yalinikata. Nikatoa begi langu, nikaanza kukunja nguo nirudi kwetu. Halafu nikaanza kufikiri kama wanavyofikiri wanyonge. Nikajiambia, kukiri kunagharimu nini? Neno moja tu, na jioni tutakunywa chai kama kawaida. Nikaliacha begi wazi kitandani, nikashuka shambani kwa Mwaitu.

Alikuwa akichuma maharagwe. Nikamwambia nimeamua kuomba msamaha.

"Kwani ulifanya?" akaniuliza.

"Hapana, Mwaitu."

Akanyoosha mgongo polepole, akanitazama kwa hasira ambayo sikuwa nimewahi kuiona usoni mwake.

"Na ukiomba msamaha, gari litapona?"

Nikainama kuchuma naye.

"Mwana wakwa, mwanangu, kesho kutwa litakufa tena. Na siku hiyo utakuwa mwizi aliyekiri mwenyewe. Nani atakuamini tena katika boma hili? Muthama ataacha kutafuta ugonjwa wa gari, kwa sababu wewe umempa jibu. Wewe unadhani unanunua amani. Unatuuzia uongo, na sisi wote tutaulipia."

Nimekemewa mara nyingi maishani, lakini hakuna kemeo lililonijenga kama lile. Nililitaka neno la kunipoza, nikapewa la kuniamsha.

Jioni ile, gari likiwa limevutwa kutoka mtaroni, likawashwa na kutembea mpaka nyumbani, Mwaitu alimwita Muthama, akamwambia afunge milango ya gari, azime kila kitu, ampe funguo zote. Alizifunga kwenye pindo la leso yake. Akaniomba na simu yangu, nikampa. Palipokucha aliwaita majirani wale wale waliosikia nikishtakiwa, akafungua gari mwenyewe, akampa Muthama ufunguo. Naye akauzungusha. Likalia tik, likanyamaza.

"Mimi nimelala na funguo," akasema Mwaitu. "Haya, sasa niite mimi mwizi."

Muthama akaenda kufungua boneti.

Waliunganisha nyaya kutoka gari la jirani, letu likawaka ili liende Emali kutafutiwa fundi. Mwaitu akasema lazima nami niende. "Aliyeshtakiwa awepo kesi ikiamuliwa." Basi nikakaa katikati yake na Muthama, kutoka milimani mpaka barabara ya Mombasa.

Fundi wa umeme wa magari pale Emali aliitwa Athumani, mtu wa makamo mwenye asili ya pwani aliyezaliwa Kitui mjini. Hakugusa chochote kwanza. Aliuliza tu maswali. Linazimika likitembea ama likisimama? Betri ni ya zamani ama mpya? Alipojibiwa akasema, "Basi betri haina kosa. Kuna kitu kinainywa gari likilala. Tukitafute."

Akazima gari, akatoa ufunguo, akafunga milango. Akafungua waya mmoja wa betri, ule wa hasi, na katikati ya waya huo na betri akaunganisha kitaa kidogo. Kila kitu kilikuwa kimezimwa, lakini kile kitaa kikawaka.

"Mnaona? Gari limelala lakini mtu fulani bado anakula," akasema. "Kitaa hiki kikizima, tumempata."

Akaanza kuchomoa fiuzi, moja baada ya nyingine. Akichomoa, anatazama kitaa, anairudisha mahali pake. Taa za mbele, kitaa kikabaki. Redio, kikabaki. Alipofika kwenye fiuzi ya tundu lile la kuchajia simu, Muthama alinigeukia. Nilijua sina hatia, lakini mtu akishukiwa sana huanza kujishuku mwenyewe. Athumani akachomoa. Kitaa kikaendelea kuwaka vilevile. Mwaitu akakohoa kidogo tu.

Fiuzi zikaisha. Athumani akakuna kichwa, akainama kwenye injini, akafungua waya mnene wa altaneta, ile mashine inayochaji betri gari linapotembea. Kitaa kikazima.

"Huyu hapa," akasema. "Ndani yake kuna kitu kimeharibika. Mchana anailisha betri, usiku anainywa. Mngenunua betri kumi, zote zingekufa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Muthama alikaa chini kwenye tairi kuukuu, mikono kichwani. Hakukuwa na mwizi. Hapakuwahi kuwa na mwizi.

Tuliporudi, altaneta ikiwa imetengenezwa na gari limepona, alitaka kuniomba radhi kimya kimya kando ya jiko. Mwaitu akakataa. "Ulimshtaki mbele ya watu, msafishe mbele ya watu." Akaita majirani. Muthama akasimama, akasema, "Nilimkosea huyu mke wa ndugu yangu. Hakuna alichofanya." Mama Kyalo naye kesho yake aliniletea ndizi. Nami sitakudanganya, ilinichukua muda mrefu kucheka naye tena. Mutiso alipokuja Krismasi nilimwambia wazi jinsi neno lake lilivyoniumiza. Alisikiliza mpaka mwisho, na tangu hapo hajaniomba tena nikubali uongo kwa ajili ya ndugu.

Sasa sikia, mwanangu. Kitu kikiharibika mahali unapoishi au unapofanya kazi, macho ya watu humwendea aliyekuja mwisho. Yasiwe macho yako. Uliza kwanza. Ondoa jambo moja, tazama, lirudishe mahali pake, ndipo ushike lingine. Ukiyavuruga yote kwa pamoja hutajua lipi lilikuwa na kosa. Na ukimkuta mtu anashtakiwa nawe unaujua ukweli, usitazame viatu vyako. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Lakini lililo zito kuliko yote ni lile nililoambiwa kwenye maharagwe: kosa lako likiri haraka, na lisilo lako usilibebe hata ukiahidiwa amani, kwa sababu ugonjwa halisi utabaki pale pale ukiwala wote.

Mungu akupe ulimi wa upole usiojua kuogopa. Akupe nyumba utakamoaminiwa kabla ya kushukiwa. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mkubwa wa boma, watu wakikungoja useme nani ana kosa, akupe subira ya kutafuta kwanza. Enda na baraka zangu.