Maandazi Juu ya Pistoni

Mwaka 2017 tulikuwa tunakaa Mayfair, Johannesburg, chumba na jiko uani kwa bibi mmoja mwenye nyumba, na mimi nilikuwa nakaanga maandazi ya kuwauzia wenye maduka na watu wanaotoka msikitini. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mizigo kule Midrand. Lori lenyewe lilikuwa limefungwa mwendo. Akikanyaga mafuta kupita kiasi linakataa kama punda. Nadhani ugonjwa wake ulianzia hapo. Mtu ukimnyima mwendo kutwa nzima, jioni atautafuta mahali pengine.

Akanunua kigari chekundu cha zamani, milango miwili, matairi yamekata pumzi. Mwenzake katika shughuli hiyo alikuwa kinyozi kutoka Lubumbashi, mwenye saluni mtaa wa nyuma yetu. Mikono yake ilikuwa vichwani mwa watu lakini moyo wake ulikuwa kwenye injini. Mteja akikaa kitini alisimuliwa habari za kabureta mpaka akatoka na upara ambao hakuuomba. Hao wawili walikuwa na nia moja tu: kukipeleka kigari kwenye uwanja wa mashindano nje ya mji, ambako siku za Jumapili mtu yeyote anaweza kujiandikisha akakimbiza gari lake kwenye barabara iliyonyooka.

Injini waliishusha uani, wakaifungua yote. Siku ya pili ikapiga mvua ya mawe, ile ya Johannesburg inayokuja mchana jua likiwaka. Nikawaona wanaume wawili wazima wanakimbia na bloku ya injini mikononi kama wanaomtoa mgonjwa kwenye moto. Waliingia jikoni kwangu, wakaiweka juu ya meza.

"Mpaka mvua ikatike tu," mume wangu akasema.

Mvua ilikatika. Injini ilikaa mezani miezi sita. Tulikula tumepakata sahani. Wageni wakija naitandikia kitambaa cha maua, na kuna shoga yangu mmoja aliyewahi kuweka kikombe chake cha chai juu yake na kuniuliza cherehani hii ni ya aina gani.

Walivyonieleza, habari yenyewe ilikuwa hivi. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda. Juu yake kuna valvu, zinafunguka kwa kushuka chini, kila moja kwa zamu yake. Injini ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, hazigusani. Lakini hao walikuwa wameweka kamshafti kali inayozisukuma valvu chini zaidi, halafu wakachonga hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ili moto uwe mkali. Sasa valvu imesogea chini na nafasi yake juu ya pistoni imepungua. Zikikutana injini ikiwa kwenye mbio, valvu inapinda, pistoni inatoboka, na kazi yote inakuwa chuma chakavu.

"Kwa hiyo tunapima mwanya," kinyozi akaniambia. "Unaweka udongo laini juu ya pistoni, unafunga hedi, unazungusha injini na mkono, polepole. Valve inaacha alama mu udongo. Unafungua, unakata, unapima pale pembamba. Njo vile tulikuwa tunafanya kwetu."

Udongo waliotaka ni ule wa rangi wanaochezea watoto shuleni. Mume wangu alikwenda kuutafuta mpaka Newtown, Jumapili asubuhi, akakuta maduka yamefungwa. Mimi siku hiyo nilikuwa nimekanda unga wangu alfajiri, nimeufunika kwenye beseni, nikaenda kumsaidia jirani aliyekuwa na shughuli ya akika.

Kilichotokea nyuma yangu nilihadithiwa baadaye. Mume wangu alirudi mikono mitupu, akafunua beseni, akabonyeza. Laini. Akamtazama kinyozi.

"Pâte njo pâte," kinyozi akasema, maana kwa Kifaransa unga uliokandwa na ule udongo wa watoto vyote huitwa pâte.

Wakamega donge la unga wangu, wakalibandika juu ya pistoni, wakazipaka valvu mafuta zisigande, wakafunga hedi na kukaza boliti. Wakazungusha kwa spana, taratibu, mizunguko miwili, wametega sikio. Hapo simu ya kinyozi ikalia: kwaya inamngoja kanisani. Ibada ya Wakongo si jambo la dakika. Mume wangu akasema atamsubiri wafungue pamoja, akalala. Kinyozi akaenda kumsifu Mungu, na jikoni, joto likiwa lile la Novemba, unga nao ukaendelea na kazi yake.

Niliporudi alasiri niliwakuta wamekumbatiana. Hedi imetolewa. Mume wangu alikuwa ameshika rula ya chuma, macho yanang'aa.

"Mke wangu, mwanya ni mkubwa! Mkubwa mno! Yaani tuliogopa bure."

"Iko nafasi mingi," kinyozi akasema. "Valve inaweza kucheza ngoma humu ndani. Kesho tunachonga hedi tena kidogo."

Nikachungulia. Juu ya pistoni kulikuwa na kitu cha duara, cheupe, kimevimba vizuri, kina mng'aro wa mafuta. Kilinukia iliki.

"Hiki ni nini?"

"Kipimo," mume wangu akasema.

"Hili ni andazi."

"Ni unga tu, mke wangu. Tumechukua kidogo."

Nikalibonyeza kwa kidole. Likabonyea, halafu, polepole, mbele ya macho yao, likarudi juu.

"Nyie," nikasema, "hamjui kama unga huu una hamira?"

Mume wangu aliitazama rula kama vile ndiyo iliyomsaliti. Kinyozi alirudi kinyumenyume mpaka akakuta ndoo, akaikalia.

"Hamira," akasema kwa sauti ndogo. "Kumbe tulipima hamira."

Nilicheka mpaka nikashika mlango. Bibi mwenye nyumba alikuja kuuliza nani amekufa, maana kicheko changu kikizidi kinafanana na kilio. Nilipomweleza, akasema "eish" na kurudi kwake akitikisa kichwa, na jioni hiyohiyo mtaa mzima ulikuwa na habari.

Baada ya kucheka niliwakandia unga mwingine: mkavu, mgumu, bila hamira, na chumvi nyingi wasije wakashawishika kuula. Safari hii walifungua papo hapo. Kinyozi alitoa wembe mpya wa saluni, akakata kwa mkono wa kazi yake, akainua kipande kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa valvu ya moshi kilikuwa chembamba kama ganda la kitunguu. Niliona vidole vyake kwa upande wa pili.

Wangewasha injini ile, isingefika mwisho wa mtaa.

Shukrani niliyoipata ni kwamba pistoni zilitolewa zote, zikapelekwa kuchongwa mashimo ya kupokelea valvu, na meza yangu ikaendelea kuwa gereji mpaka karibu na Ramadhani.

Siku ya uwanjani tulikwenda wote watatu. Gari liliunguruma vizuri, lakini kwenye kila robot, zile taa za barabarani, lilitaka kuzimika, mume wangu akawa analikanyagia mafuta kama anayemtikisa mtu asisinzie. Tulipofika, mkaguzi akasema hakuna kukimbia bila helmeti. Walikuwa wameazima moja kwa kijana wa pikipiki za chakula. Mume wangu akajaribu kuivaa. Ikagoma kwenye masikio. Kinyozi akajaribu, ikakaa juu kama kofia ya birika. Wakasukumana, wakapakana mate ya kulainisha, wapi. Mkaguzi alituangalia, akaninyooshea kidole.

"Na mama?"

Iliingia juu ya ushungi wangu bila taabu. Leseni nilikuwa nayo mkobani.

Sijui kama nimewahi kuona uso wa mtu mzima ukigawanyika hivyo, nusu wivu, nusu maombi. Mume wangu aliinama dirishani. "Gia ya pili usiibadilishe mapema. Sikiliza injini. Tafadhali isikilize."

Taa ikawaka kijani. Nilikanyaga. Kigari kile kilipiga ukelele ambao sijausikia kwa kiumbe mwingine, mgongo wangu ukaganda kitini, na mimi nikawa nasoma kila aya niliyoihifadhi tangu madrasa, bila mpangilio. Pembeni yangu bakkie moja jeupe, yaani pikapu, lilinipita mapema na sikulijali. Nilibadilisha gia, kikavuta. Nikabadilisha tena, kikavuta zaidi. Nilipovuka mstari nilikuwa nalia au nacheka, helmeti ilikuwa imebana mno kujua.

Nilishindwa, ndiyo. Lakini niliporudi taratibu kwenye njia ya pembeni, niliwaona wanaume wawili wanakuja mbio kunilaki, na aliyenifikia kwanza hakuuliza kama niko salama.

"Gia ya tatu ilivuta?" mume wangu akasema, anahema. "Niambie ukweli. Ya tatu ilivuta?"