Jua la Ijumaa na Nyumba ya Nyanchwa

Mume wangu alikuwa mwalimu na mzee wa kanisa la Sabato, mtu aliyeweza kukuambia Sabato ya wiki ijayo itaingia saa ngapi na dakika ngapi. Mtu huyo huyo ndiye aliyetia sahihi mkataba wa kununua nyumba bila kutazama kalenda. Mpaka leo nikikumbuka hupandwa na hasira kwanza, halafu hucheka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nyumba ilikuwa ya mawe, chini ya mlima wa Nyanchwa, na mwenyewe alikuwa Mwislamu aliyeuza vitambaa mjini Kisii. Tulimpa arbuni, yaani malipo ya mwanzo ya kuonyesha kwamba hatutanii, na hiyo ilikuwa akiba yetu yote. Iliyobaki ingetoka benki. Wakili alitueleza polepole. Benki ikikataa kutukopesha, tunarudishiwa arbuni. Ikikubali, lazima muuzaji apokee barua ya benki kutoka kwetu kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho ya mwezi. Tukichelewa, arbuni inakuwa yake na nyumba anamuuzia mwingine. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akatia sahihi.

Benki ilikubali, lakini barua ilitufikia Ijumaa alasiri, mvua ya Kisii ikinyesha kama kawaida yake. Hapo ndipo mwalimu alipogundua kwamba mwezi unaishia Jumamosi.

"Basi nitaipeleka mimi kesho," nikasema.

"Biashara siku ya Sabato? Katika nyumba hii?"

Nikamkumbusha kwamba amri ya Sabato inataja mtoto, mtumishi, hata mnyama, lakini mke hatajwi. Hakuona cha kuchekesha. Sabato huingia Ijumaa jua linapotua, basi tukatoka mbio kuelekea mjini kuliwahi, matope yakituvua viatu.

Tulifika dukani tumelowa chapachapa. Saa ya mwalimu ilikuwa imeingia maji na kusimama, na mbingu ilikuwa nyeusi tii. Juu ya majora ya vitambaa alikaa mkulima wa chai kutoka Nyansiongo, amepakata mkoba wa pesa taslimu, akingoja tushindwe ainunue nyumba yeye. Muuzaji alikuwa katika saumu ya Ramadhani. Midomo ilikuwa imemkauka, na tende zilikuwa kwenye kisahani mbele yake.

Mwalimu alitoa barua mfukoni nusu, akasita. Kisha akamuuliza muuzaji, yule yule ambaye angefaidika: "Bwana, jua limetua?"

Nilitamani kumfinya. Yaani mtu anamuuliza fisi kama zizi limefungwa!

"Imetua zamani!" mkulima akadakia. "Kuku ya kwetu saa hii imelala."

"Kama limetua, siwezi kukupa barua hii," mwalimu akamwambia muuzaji. "Arbuni itakuwa yako."

Nilikuwa nimeshapanga kila mtoto atalala chumba gani katika nyumba ile.

Muuzaji alitazama nje, akatazama tende. Neno moja tu, na angepata arbuni yetu, pesa za mkulima na futari yake kwa mpigo.

"Halijatua, Mwalimu," akasema. "Lete barua."

Akaipokea, akatia sahihi ya kuthibitisha. Mkulima hakuamini.

"Si ungesema tu imetua? Na hii mvua, nani angejua?"

"Tangu alfajiri sijaonja hata maji kwa sababu ya jua hilo," muuzaji akamjibu. "Sasa nilisingizie kwa sababu ya nyumba?"

Mvua iliendelea kupiga mabati. Kisha adhana ya magharibi ikasikika kutoka msikitini. Muuzaji akatia tende mdomoni na kufumba macho. Mume wangu, mzee wa kanisa, akavua kofia yake iliyolowa, akainamisha kichwa, na Sabato ikamkuta pale pale dukani. Mimi nililia waziwazi, mbele ya mkulima na mkoba wake.