Neno Nililolipunguza Njiani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, huko Nambambo, nilitumwa kuomba msamaha ambao haukuwa wangu. Ilikuwa Jumanne, wiki ya pili tangu shule zifungwe. Siku za namna hiyo sizisahau.

Mama alikuwa mjamzito, miezi imetimia, naye alikuwa amemtukana kaka yake mbele ya ukoo. Kwetu iliaminika kwamba mwanamke aliyemkosea kaka yake hujifungua kwa shida, mpaka kaka huyo asukutue maji na kuyapuliza kwenye kanga ya dada yake, ishara kwamba kinyongo kimemtoka. Bibi, aliyewazaa wote wawili, alikataa kwenda.

"Nikisema mimi, mmoja ataona nimemwegemea mwenzake," alisema. "Nenda wewe. Na mwombezi, mjukuu wangu, haongezi neno lake wala hapunguzi la aliyemtuma."

Mama akanikabidhi kanga na ujumbe: "Mwambie, kaka, nimekosa. Naomba maji yako."

Jirani aliyekuwa akienda Ruangwa alinifikisha Nandagala, kwa Mjomba. Binamu zangu walinipokea kwa kicheko. "Ehe, wa Nambambo huyo! Mama yako amekwama ndipo kaikumbuka njia?"

Nilikuwa wa kwanza darasani, na kiburi changu kilikuwa kirefu kuliko mimi. Niliposimama mbele ya Mjomba, nao wakichungulia mlangoni, lile neno "nimekosa" lilinishinda.

"Shikamoo, Mjomba. Mama anaomba maji yako."

Akaipokea kanga, akaitazama. "Maji tu? Maji yapo kisimani. Hakuna neno jingine, mpwa wangu?"

"Hakuna, Mjomba."

Akanirudishia kanga, kavu.

Nyumbani Mama aliipapasa pindo kwa pindo. "Ulimwambia nimekosa?"

"Nilimwambia."

Siku ya nne mtoto alizaliwa hana uhai. Mkunga alieleza kwamba alikuwa amekaa vibaya tumboni, nami leo naamini hivyo. Lakini Mama alikufa, miaka mingi baadaye, akiamini kwamba kaka yake aliusikia msamaha akaukataa. Na Mjomba aliishi akiamini kwamba hakuwahi kuombwa.

Nimestaafu ukarani wa mahakama. Miaka yote ya kazi niliwasomea watu maelezo yao na kuwauliza kama ndivyo walivyosema, wala sikupata kupunguza neno la mtu. Wakubwa zangu walinisifu kwa hilo. Hawakujua nilikojifunzia.

Mwaka huu, Jumamosi iliyotangulia Jumapili ya Matawi, nilikwenda Nandagala. Mjomba haoni tena. Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Kisha akaomba kikombe cha maji, akasukutua, akapapasa mpaka akalishika pindo la kanga yangu, akalipulizia.

"Hayo ya mama yako," alisema. "Mpelekee."

Jua lilikuwa kali njia nzima. Nilipofika kaburini Nambambo, pindo lilikuwa limekwisha kukauka. Nikalitandaza juu ya udongo hivyo hivyo, nikamweleza Mama maneno yote, uongo wangu ukiwa wa kwanza.