Miti Bado Midogo

Watu walimwita Profesa wa Kivuli, naye hakulikataa jina. Kila mkutano wa ushirika alisimama, akakohoa kidogo, akaeleza namna ng'ombe na miti ya mbao wanavyokaa shamba moja: miti inatoa kivuli, ng'ombe anakula nyasi na kuacha mbolea, mwenye shamba anakunywa maziwa huku akisubiri mbao. Wenzake walipiga makofi. Mkewe, aliyekaa nyuma, alikuwa akijikanda kiuno.

Maana nyumbani, lango la shamba la miti lilikuwa na kufuli. Mwanzoni ilikuwa haki: miche ilikuwa mifupi kuliko pua ya ndama, na ndama hana adabu. Sasa misonobari ilikuwa imelipita paa la nyumba, nyasi zimefika magotini, na kufuli liko palepale. Penye miti hapana wajenzi. Penye nyasi za bwana huyu hapakuwa na mlaji. Kila asubuhi mkewe aliingia na mundu, akakata, akajitwisha mzigo mpaka zizini, ambako ng'ombe walisimama wakizitazama nyasi hizohizo kupitia waya.

"Baba watoto, si tuwafungulie tu?"

"Miti bado midogo."

"Midogo? Ukitaka kuona kilele si kofia inadondoka!"

"Mti una gome, mama watoto. Ng'ombe ana pembe."

Siku ushirika ulipokuja kujifunza, Profesa alifungua lango mwenyewe. Mkewe akautundika mundu ukutani.

"Leo sikati hata jani."

Ng'ombe wakaswagwa kivulini mbele ya wageni. Hakuna ng'ombe aliyeinama kula. Tangu wazaliwe, nyasi ziliwafuata zikiwa kichwani mwa mtu. Wakageuka, wakajipanga langoni, wakamkodolea macho mama, wakalia.

"Mzee," akauliza mwanamke mmoja mwenye mabuti ya mpira, "na hawa nao ni wageni kama sisi?"

Watu wakaangua kicheko. Profesa akang'oa konzi ya nyasi, akamlisha ng'ombe mmoja, mtamba, kwa mkono, akimbembeleza. Mtamba akatafuna, akainama, akaelewa. Kwa shukrani, akajikuna ubavu kwenye msonobari.

"Mti wangu!"

Profesa akavua kofia, akamkimbiza mpaka nje, akawatoa na wenzake, akafunga kufuli. Kisha, akihema, akawageukia wageni: "Kama mlivyoona ndugu zangu, wanaelewana kabisa."

Jioni mkewe alimletea chai, na kando ya kikombe, mundu.

"Chagua, baba watoto. Lango au huu."

Kwa ubishi wake akachukua mundu. Mzigo wa kwanza ulimfumukia njiani. Uliofuata ulimpinda shingo, na ng'ombe walimfokea kwa kuchelewa. Hata mwezi haukuisha. Asubuhi moja aliutua mzigo katikati ya mistari ya misonobari, akatazama juu kwa muda mrefu, kama mtu aliyeletwa pale kwa mara ya kwanza.

"Mama watoto! Njoo uone! Hii miti imekua!"

"Lini?"

"Nadhani jana," akasema, akimkabidhi ufunguo kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa akijikanda kiuno.