Mngoni Aliyekula Kuku wa Babu

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka kila nipitapo barabara ya Huanshi Zhonglu hapa Guangzhou, China, hata kama nina haraka na mzigo unanisubiri. Nilikuwa binti mbichi, ndiyo kwanza nimeanza kununua nguo kule soko la Zhanqian na kuzituma nyumbani, na nilikuwa nimependa. Nimependa hasa, si mchezo! Aliyenipagawisha ni Gervas, mfanyabiashara wa redio kutoka Songea, Mngoni wa damu, mrefu, mwenye maneno yasiyokauka. Mimi Mhehe wa Iringa. Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Baba alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo neno la mwisho kuhusu ndoa yangu lilikuwa la dada yake, shangazi Felista. Alipokuja Guangzhou kununua mapazia, nikajikaza nikamweleza. Weee! Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mngoni? Waliomchoma babu yetu mkuki? Labda mnizike kwanza."

Babu huyo, baba wa babu yangu mimi, alikuwa askari enzi zile Wahehe na Wangoni wakipigana, kabla Mjerumani hajatutawala sote. Mkuki ulimpasua paja, na tangu hapo mguu ukakauka kama kuni. Watu wakasema huyu sasa kazi yake ni kuota jua. Wapi! Alilima ameketi, akijisukuma kwa makalio, tuta hadi tuta. Alipoenda kuposa, wazazi wa binti wakamuuliza mke atakula nini. Hakubishana nao, aliwaita waje waone kihenge chake kilivyojaa mahindi. Akaoa, akazaa, akapata wajukuu, na ukoo wote huu uliotapakaa kutoka Iringa mpaka hapa Sanyuanli ninapokukaangia maandazi umetoka kwa kilema yule. Shangazi ndiye aliyetusimulia utotoni. Alisimulia mkuki, akasimulia jembe, akanyamaza. Sisi tukadhani hadithi imeisha.

Basi nililia mpaka macho yakavimba. Gervas wala hakutetereka. "Mwache," akaniambia. "Kesho nitamsalimia kiutani."

Kesho yake mchana mimi na shangazi tulikuwa mgahawani tukila mbuzi wa kuchoma. Gervas akaingia, hakusema shikamoo, hakusema hodi. Akanyoosha mkono, akachukua pande kubwa kuliko yote kwenye sahani ya shangazi, akatafuna! Sasa kama huelewi utani wetu, ngoja nikwambie. Wahehe na Wangoni walipigana zamani, ndiyo maana leo wanataniana. Mtani akichukua chako hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako na ya kwenu.

"Nimekuja kudai mkuki wetu," akasema mdomo umejaa. "Mguu wa babu yenu ulikuwa mgumu, ukaupinda. Halafu hakikisheni huyu ni mbuzi kweli, maana nyie Wahehe na mbwa mnajuana."

Watanzania wote mle ndani wakageuka. Shangazi alifura. Lakini mwanamke yule kushindwa maneno? Thubutu!

"Mkuki? Walafi wakubwa nyie! Turudishieni kwanza kuku wetu! Yule Mngoni mwenzenu alikuwa anakuja kila mavuno, anakamata kuku wa babu bila kuomba, anakula na mwingine anabeba! Hata babu alipokufa, akashuka kaburini akalala humo, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu Mngoni huyo sikuwahi kumsikia.

"Shangazi, Mngoni gani huyo?"

"Na babu alimvumilia kwa nini?" akauliza Gervas taratibu, nyama bado mkononi.

Shangazi akasogeza sahani kando. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku ile alijikwaa ulimi yeye, nikapona mimi.

"Kwa sababu," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka, "ndiye aliyempa maji."

Akatusimulia. Vita vimepita, babu amelala nyasini damu zinamtoka. Mngoni mmoja akamkuta bado anapumua. Angeweza kummaliza. Badala yake alichana nguo yake, akamfunga paja, akamwachia kibuyu cha maji karibu na kichwa, akaenda zake. Wahehe wenzake walipomfikia babu walimkuta hai. Miaka ikapita, amani ikaja, na siku moja mgeni akasimama uani akisema, "Nimefuata kibuyu changu." Babu alikuwa amekitunza.

"Bila maji yale baba yangu asingezaliwa," shangazi akasema, machozi yanamtoka. "Wala mimi." Kisha akamchapa Gervas kofi mkononi. "Rudisha nyama yangu, mshenzi we!" Na akacheka, mwanangu, akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikajua nimeolewa.

Katika mahari aliongeza sharti moja: jogoo mzima, mwenye sauti, aletwe kabla yeye hajapanda ndege. Gervas akamnunua sokoni. Kila dereva wa teksi aliyemwona alipunga mkono, "Buyao! Buyao!", yaani sitaki, hamtaki yeye wala jogoo wake. Basi akaja kwa miguu, Huanshi Zhonglu yote, jogoo kwapani anawika, Wachina wanapiga picha, Wakongo wanashangilia. Shangazi alikuwa dirishani akipiga vigelele. Nilishuka ngazi mbio, kiatu kimoja kikabaki juu. Furaha ile sijaipata tena mfano wake.

Leo Gervas ana mvi, watoto wetu ni wakubwa, na bado ananiibia nyama sahanini.

Kwa hiyo wewe uliyekuja kuniambia hutaki kumsikia fulani kwa sababu kwao waliwaumiza kwenu, kaulize hadithi yote. Usiridhike na nusu inayokupa hasira. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na huenda alitoka upande uleule uliotoka mkuki. Ukirithi jeraha, mwanangu, urithi na mkono uliolifunga.

Haya, chukua andazi uende. Mungu akupe miguu yenye nguvu, na ukipungukiwa mmoja, akupe moyo wa kulima umeketi. Na siku mtani akiingia kwako bila hodi, akukute una kuku.