Hamira Niliyoipika Mbele ya Mkuu wa Kitivo

Chekeni tu, nimeshazoea, maana hapa Juba hata wanafunzi ambao sijawahi kuwafundisha wanajua habari yangu na hamira, na nasikia imeshafika mpaka mtaa wa Atlabara.

Tulikuwa tunaomba somo la baiolojia liingizwe kwenye shahada ya uhandisi wa kemikali, na mkuu wa kitivo, mzee aliyekulia Uganda enzi za ukimbizi, alikuwa hataki hata kusikia ("Hawa watoto iko nasoma mitambo, si vyura!"), ila akatupa kikao kimoja cha kumshawishi, tukishindwa basi. Mwenzangu Poni, mwalimu wa baiolojia, akaandaa jaribio rahisi: hamira na sukari ndani ya chupa ya soda, puto mdomoni, hamira ikila sukari itoe gesi na puto lisimame. "Maji yawe vuguvugu tu, Daktari," akaniambia, akatoka kumwita mkuu na wazee wenzake wa kitivo.

Sasa mimi, Mkenya mwenye udaktari wa uhandisi na haraka zangu, nikajiambia wazee hawa hawana subira, na mhandisi gani asiyejua kwamba moto huharakisha mambo? Nikashika thamosi ya maji ya chai (yametoka jikoni sasa hivi), nikamimina, nikavalisha puto.

Likasimama! Wazee hata hawajakaa vizuri. Nikapandwa na mori: "Mnaona, waheshimiwa? Huo ndio uhai!" Wakapiga makofi, nami nikahubiri viwanda vya dawa, na maji taka, na pombe (hapo walisikiliza kweli), kumbe ile ilikuwa hewa moto tu, na kiyoyozi kinaipoza taratibu, puto likalegea, likalala kama soksi, halafu, jamani, likaanza kuingia ndani ya chupa. Nikalivuta. Likapasuka.

"Umetia maji gani?" Poni akauliza. Nikamwonyesha thamosi. Akashika kichwa. "Hao ni viumbe, Daktari! Umewapika wote!"

Nilitamani ardhi inimeze, maana somo lilikuwa linatuponyoka na kosa ni langu peke yangu. Mkuu akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniangalia.

"Daktari mzima hajui hii kitu, watoto watajua namna gani? Kalas, imeisha, somo ipite. Na wewe utakaa mbele, usome nao."

Basi nakaa mbele, kila Jumatatu. Nimeapa kutogusa tena jaribio la mtu, lakini wapi, nikipita na thamosi yangu karibu na maabara, lazima mwanafunzi mmoja aulize: "Daktari, leo unaenda kuua nani?"