Mwalimu wa Fidla Anayewapa Wasikilizaji Kisogo

Ni saa nane za mchana, Jumamosi, lakini ndani ya ukumbi wa jamii karibu na Majengo, mjini Nyeri, taa zinawaka. Ukungu wa Agosti umeshuka tangu asubuhi na hauonyeshi nia ya kuondoka. Watoto wamekaa kwenye mikeka, masweta yamefungwa vifungo hadi kooni. Wazazi wako nyuma yao kwenye viti.

Mwalimu Nasirumbi anaingia na fidla yake kwapani. Anawasalimu watoto, nao wanamwitikia kwa kelele za kutosha kuliinua paa. Kisha anakigeuza kiti chake, anakaa akiutazama ukuta, na kuwapa kisogo watu wote waliokuja kumsikiliza.

“Huyu ni mnyama gani?” anauuliza ukuta, huku akiuvuta upinde taratibu juu ya uzi mnene.

“Ndovu!” wanapaza sauti watoto.

“Na huyu?” Upinde unarukaruka juu ya uzi mwembamba.

“Panya! Panya ameona paka!”

Watoto wanaangua kicheko. Nyuma yao hakuna mzazi anayecheka. Hawaitazami fidla, wala hawawatazami watoto wao. Wanakitazama kichwa cha mwalimu, wakingoja kigeuke upande wowote ule. Mtu mzima akiingia humo bila kujua habari zao atasisimka mwili, na mwandishi wa makala haya alisisimka.

Nasirumbi Wanyonyi, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, ni mwalimu wa chekechea. Alizaliwa karibu na Kimilili. Akiwa msichana alifundishwa fidla na mtawa mzee wa Kizungu ambaye, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia chombo hicho. Mwaka 1970 alihamia Nyeri akimfuata mumewe, Koplo Oloo wa polisi. Mke ni Mbukusu na mume ni Mjaluo, na nyumbani wanazungumza Kiswahili kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa.

Mshahara wake ni shilingi mia mbili na arobaini kwa mwezi. Sehemu yake huishia kwenye nyuzi za fidla, ambazo hazipatikani Nyeri hata kwa dawa.

“Nilianza na watoto ya darasa langu,” anasema. “Nilikuwa nawapigia wakati ya kulala mchana. Siku moja mama mmoja akasimama kwa dirisha, akaniuliza, ‘Mwalimu, na sisi je?’ Nikaona basi wakuje wote, na mababa pia.”

Ndivyo yalivyozaliwa matamasha ya familia. Jumamosi moja kwa mwezi ni Nyeri, na baadhi ya Jumapili ni Naro Moru au Kutus. Watoto husikiliza muziki wa klasiki wa Ulaya, kisha hujitengenezea vifidla vya mikebe ya mafuta ya kupikia na mishipi ya kuvulia samaki. Sheria ya mwalimu ni moja: sikio kwanza, mkono baadaye. Hakuna anayegusa uzi kabla hajaweza kufumba macho na kusema sauti imetoka wapi na imekwenda wapi.

Kwa miaka mitatu mambo yalikwenda vizuri. Yaliharibika Aprili mwaka huu.

Siku hiyo ukumbi ulijaa, na Nasirumbi akaamua kufunga tamasha kwa wimbo ambao hakuwa amewahi kuupiga Nyeri. Ulikuwa wimbo wa polepole wa kubembelezea watoto, mmoja wa nyimbo za kwanza alizofundishwa na yule mtawa. Alidhani watoto wangesinzia na wazazi wangefurahi.

“Sijaenda mbali, nikaona vichwa vinaanguka,” anasimulia. “Sio ya watoto. Ni wazazi. Wanainama mmoja mmoja, wanaangalia chini, wanaweka mikono kwa kichwa, hivi. Hakuna mtu aliwaambia. Wengine walitoka kwa kiti wakakaa chini kwa simiti. Sasa watoto wakaona, nao wakafanya vile vile, hata wale wadogo kabisa. Walifikiri huu wimbo ndio husikilizwa hivyo.”

Katika ukumbi mzima kichwa kimoja tu hakikuinama. Kilikuwa cha mwanamume mtu mzima, aliyekaa kando ya njia ya kupitia. Alikuwa amenyoosha shingo, na macho yake yalikuwa yakitembea kutoka safu moja hadi nyingine bila haraka. Kisha yakasimama mahali, na kichwa chake kikatikisika mara moja, kama cha mtu anayekubali.

“Mimi nikajiambia, angalau mmoja anafurahia,” anasema Nasirumbi. “Nikamtabasamia.”

Lakini vichwa vingine vyote vilikuwa bado chini. Hofu ilimwingia, akaushusha upinde kabla wimbo haujaisha. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa sauti ya chini, na watu wakainuka bila kutazamana, wakawashika watoto wao mikono, wakatoka.

Aliyemfumbulia fumbo hilo ni Huseni, mtunza ukumbi, mzaliwa wa Majengo.

“Nilimwuliza, ‘Mwalimu, wallahi, wimbo huu umeutoa wapi?’” anasema Huseni. “Maana mimi mara ya mwisho kuusikia nilikuwa nimekaa matopeni, mikono juu ya kichwa.”

Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya hamsini, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau, anaeleza, watu wa Nyeri na vijiji vya karibu walikuwa wakikusanywa kwenye kambi moja na kuketishwa chini safu kwa safu. Bwana mkubwa wa kambi alikuwa na gramafoni. Aliweka santuri hiyo hiyo kila mara, kisha akatoka gakunia. Hilo ndilo jina ambalo Wakikuyu walimpa msaliti aliyevikwa gunia kuanzia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Wimbo ukiwa unalia, gakunia alipita kati ya safu. Alipomtikisia mtu kichwa, sindano iliinuliwa, na mtu huyo akachukuliwa.

“Tulikuwa tunamwomba Mungu ile sindano isiinuliwe,” anasema Huseni. “Ikikatika tu, ujue mtu kaenda. Wengine walirudi, wengine mpaka leo. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuusikia wimbo huo ukiisha. Mimi nilidhani hauna mwisho.”

Uhuru ulipokuja, magunia yalivuliwa. Waliokuwa ndani yake walirudi kulima, kufanya biashara na kuoza mabinti zao, na Jumapili wakakaa benchi moja na wajane. Hakuna aliyewajua kwa sura.

Nasirumbi hakujua lolote kati ya hayo, kwani kwao Hali ya Hatari ilikuwa habari ya kusikia redioni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja na kidonda kikafumuka, tena kwa wimbo wa kumlaza mtoto mchanga.

Alidhani hakuna atakayekanyaga tena ukumbini. Kumbe Jumatatu iliyofuata alibishiwa hodi na Mama Ngatia, muuza viazi wa sokoni, aliyekuja na kikapu cha nduma. Mama huyu ndiye aliyekuwa akilia. Nduguye, Mutahi, alichukuliwa siku moja akiwa amekaa kando yake.

“Tulikuwa tumeketi goti kwa goti,” Mama Ngatia aliliambia gazeti hili. “Miguu ya gakunia ikakuja, ikasimama hapa. Niliona viatu tu, sikuona kitu ingine. Wimbo ikakatika. Sasa nikamwambia mwalimu, siku ile sisi wote tulikuwa tunaangalia chini. Ni wewe peke yako ulikuwa unatuangalia. Niambie tu, nani hakuinama?”

Alipoulizwa ana hakika gani kwamba asiyeinama ndiye, Mama Ngatia hakusita.

“Mtu alikuwa anaketishwa chini, mwili yake inakumbuka. Na yule alikuwa anatembea, mwili yake pia inakumbuka.”

 Nasirumbi alirudisha kikapu kikiwa na sukari ndani, kama adabu inavyotaka, na akabaki na jibu lake.

Tamasha lililofuata lilijaa hadi milangoni. Walikuja wazee wasio na wajukuu, walikuja wanawake kutoka mbali, hata Kenol. Hakuna aliyekuja kwa ajili ya fidla. Walikuja kufuata macho ya mwalimu yaone yatatua wapi, na kila alipoinua uso aliyakuta macho yao yote usoni pake, yakingoja. Waliomba aupige wimbo ule tena. Alikataa, na kukataa kwake nako kukatafsiriwa.

Kisha yakaja ya Naro Moru. Katika tamasha la huko macho yake yalitua kwa Mbuvi, muuza makaa, yakakaa pale kidogo.

“Alikuwa anakohoa,” anasema Nasirumbi. “Nilimwangalia kwa sababu anakohoa. Basi.”

Kesho yake hakuna aliyenunua makaa ya Mbuvi. Akisalimia, watu hawaitikii. Siku chache baadaye kibanda chake kiliteketea, na wote walioulizwa walisema hawakuona kitu. Mbuvi ni Mkamba wa Machakos. Alifika Naro Moru juzi tu, na wakati wa gakunia alikuwa kwao akichunga mbuzi. Alifunga virago akaondoka.

Macho hayana pazia, husema Waswahili. Nasirumbi aliporudi Nyeri alikigeuza kiti chake, na hadi leo hajakirudisha.

Koplo Oloo angependa waondoke. “Nimemwambia tuombe transfa,” anasema. “Anakataa. Ati watoto watabaki na nani. Na mimi hapa nje nikipita, mtu ananiita afande, halafu ananiuliza kama bibi yangu huwa anaongea akilala.”

Mama Ngatia naye hafichi uchungu wake. “Mwalimu ni mtu mzuri, lakini anaficha mtu. Mimi sitaki muziki. Mutahi alikuwa na jina, huyo pia ako na jina.”

Ni vigumu kumsikiliza mama huyu na kumwambia amekosea. Nasirumbi mwenyewe hajaweza.

“Ako na haki,” anasema. “Usiku silali nikifikiria yeye. Lakini yule mtu huleta mjukuu wake hapa kila mara. Katoto kadogo tu, kana sikio nzuri, kama wengi hapa. Nikisema jina, nyumba itachomwa, na ndani ni nani? Halafu kwa muda mrefu nilikuwa najiuliza, na kama nimekosea? Watu hutikisa kichwa kwa muziki. Hiyo ndiyo kazi ya muziki.”

Shaka hiyo iliisha mwezi uliopita.

Watu walikuwa wametoka, na mwalimu alikuwa akipanga viti. Mtu mmoja alibaki akimsaidia, kimya, kiti juu ya kiti. Mjukuu wake alikuwa nje akicheza na wenzake. Walipomaliza, mtu huyo alisimama karibu na mlango, kofia mkononi.

“Akaniuliza, ‘Mwalimu, ule wimbo, mwisho wake huwa namna gani?’ Nikamwuliza, kwa nini unataka kujua. Akasema, ‘Kwa sababu ni mimi nilikuwa naukata.’”

Nasirumbi alikaa mkekani. Mtu huyo hakumkaribia. Hakumwomba amfiche, na hakumtishia. Alimwomba aupige wimbo mbele ya watu wote, hadi mwisho. Ukiisha, alisema, atasimama.

Tamasha hilo litafanyika Jumapili ya kwanza ya Septemba, baada ya ibada, na Nasirumbi amekubali habari hii ichapishwe mapema. “Andika,” anasema. “Yeye husoma gazeti. Mama Ngatia pia atasomewa. Mtu asikuje kuniuliza jina tena. Kama atasimama, watamwona. Kama hatasimama, hiyo ni yake na Mungu wake.”

Mama Ngatia amekwisha kupata habari. Amesema atakaa mbele kabisa, na hajui atafanya nini. Huseni amezungumza na wazee wa pande zote, na wameahidi kwamba hakuna atakayeinua mkono ndani ya ukumbi. Nje ya ukumbi, anakiri, hana ahadi ya mtu yeyote.

Na watoto? Hilo ndilo swali ambalo mwalimu amelifikiria kuliko yote. Wako waliomshauri awaache nyumbani siku hiyo, lakini hataki hata kusikia.

“Huu ni wimbo wa watoto. Waliuiba, wakaufanyia ile kitu. Mimi nataka kuurudisha,” anasema. “Siku hiyo hakuna mkeka. Kila mzazi atapakata mtoto wake, na kama hana, nitampa wa jirani. Mkono ikishika mtoto haiwezi kwenda kwa kichwa.”

Kwa sasa anajizoeza nyumbani, madirisha yakiwa yamefungwa na kuzibwa kwa blanketi. Ameupiga wimbo huo hadi mwisho mara nyingi, na anasema sehemu ambayo watu wa Nyeri hawajawahi kuisikia ni fupi mno, haifiki hata muda wa kumfunga mtoto kamba za viatu.

Mwandishi wa makala haya alimwomba ampigie kipande hicho tu, kidogo, asikie kilivyo. Mwalimu aliilaza fidla ndani ya sanduku lake, akalifunga.

“Hapana,” alisema. “Wenyewe hawajausikia.”